Amani Ikirudi: Lugha ya Kuahirisha Upendo na Masimulizi ya Mashahidi wa Baraka na Fizi

1. Utangulizi

Ni machache maonyo yanayorudiwa katika mahubiri ya Kikristo kama lile la kutomwahirisha Mungu. Msikilizaji huambiwa kwamba sala, toba na upendo si vitu vya kuwekwa akiba hadi uzeeni, kwa kuwa hakuna aliyehakikishiwa uzee. Onyo hili ni la kale kuliko Kiswahili cha kanisa chenyewe. Waraka kwa Waebrania huchukua neno "leo" kutoka katika Zaburi na kulifanya nguzo ya hoja yake. Injili ya Luka nayo huwaonyesha watu walioitwa wakajibu kwa udhuru: mmoja ana shamba, mwingine ana ng'ombe, mwingine ameoa, mwingine ana baba wa kuzika.

Makala haya hayapingi onyo hilo. Yanachohoji ni namna linavyosemwa kwa Kiswahili katika mahali maalumu, yaani Uvira na ufuo wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kielelezo kikuu ni masimulizi ya watu wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, na ambao Kanisa Katoliki liliwatangaza wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Hoja inayotetewa ni kwamba mahubiri hupambana na neno "kesho", ilhali kuahirisha kunakoudhuru mji huu kumejificha katika kiambishi kidogo, -ki-. Masimulizi ya wanne hao yanao uwezo wa kukifichua kiambishi hicho, mradi yasisimuliwe kwa haraka inayoyafikisha kwenye kifo kabla ya wakati.

2. Ngazi ya Kesho

Kiswahili ni tajiri wa maneno ya siku zijazo. Baada ya kesho ipo kesho kutwa, baada ya kesho kutwa upo mtondo, na baada ya mtondo upo mtondogoo. Mtu anayetaka kusogeza jambo mbele ana ngazi nzima ya kupandia. Kwa hiyo si ajabu kwamba mhubiri hulishika neno "kesho" na kulishambulia. Alifanya hivyo Agostino, Mwafrika wa Tagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika maungamo yake, yaliyoandikwa mwishoni mwa karne ya 4, alisimulia jinsi alivyojichelewesha kwa kulirudia neno hilo, na katika mahubiri yake aliwakumbusha watu kwamba cras, neno la Kilatini lenye maana ya "kesho", ni mlio wa kunguru. Mzaha huo hautafsiriki, kwa sababu kunguru wa Uvira hasemi "kesho".

Kiswahili, hata hivyo, kina mzaha wake ulio mzito zaidi. Kitenzi "kuahirisha" kimetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa nyuma au kuwa mwisho. Mzizi huohuo ndio uliozaa neno "akhera". Wakristo wa Kongo hawalitumii sana neno hilo la pili, bali husema mbinguni au uzima wa milele. Lakini undugu wa maneno hayo mawili una fundisho: anayeahirisha jambo hulisukuma upande wa mwisho, na upendo ukisukumwa mno huishia kuwa jambo la akhera peke yake.

Methali nazo hazisemi kwa sauti moja. Kuna zinazokemea kukawia: linalowezekana leo lisingoje kesho, ngoja ngoja huumiza matumbo, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kuna pia zinazosifu kungoja: subira yavuta heri, haraka haraka haina baraka. Mhubiri anayechukua kundi la kwanza na kulisahau la pili anapata hoja rahisi, lakini anamwachia msikilizaji swali lisilojibiwa. Kungoja kupi ni subira, na kungoja kupi ni kuahirisha? Anayesubiri amekwisha kuanza: amepanda, naye anangoja mvua. Anayeahirisha hajapanda. Tofauti yao haiko katika urefu wa muda, bali katika kuanza. Wanawali kumi wa Injili ya Mathayo walisinzia wote na kungojeshwa wote. Watano walikuwa wamekwisha kuchukua mafuta.

3. Hoja ya Kifo

Njia iliyozoeleka ya kumtoa msikilizaji katika "kesho" ni kumkumbusha kifo. Hoja yenyewe ni nyepesi: unaweza kufa usiku huu, basi mpende Mungu leo. Ina asili katika Maandiko, hasa katika mfano wa tajiri aliyejenga ghala kubwa na kufa usiku uleule. Lakini ikitumiwa peke yake ina kasoro tatu.

Kwanza, inageuza upendo kuwa njia ya kujiokoa. Mtu anayempenda Mungu kwa sababu anaogopa usiku anaipenda nafsi yake, na kukipambazuka salama sababu yake imekwisha. Pili, inaupa upendo kipimo cha saa ya mwisho. Kama kitu muhimu ni kukutwa tayari, mwerevu atajaribu kukisia saa, na huko ndiko kuahirisha kwenyewe. Tatu, ni hoja inayowafundisha watu wa Uvira kitu wanachokijua kuliko mhubiri. Tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa na wahudumu waliuawa katika hospitali ya Lemera, milimani kaskazini-magharibi mwa Uvira. Mwezi Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa usiku huko Mutarule, katika Bonde la Rusizi, wakiwamo waliokuwa katika ibada ya nje. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba mjini. Mwezi Desemba 2025 vita viliingia tena Uvira. Msikilizaji wa namna hiyo hahitaji kuambiwa kwamba kesho si yake. Anajua. Na bado anaahirisha. Hii ina maana kwamba sababu ya kuahirisha kwake si kusahau kifo, na dawa ya kumkumbusha kifo haigusi ugonjwa wake.

Mfano wa mtu aliyeomba kwanza akamzike baba yake unaonyesha ugumu huo. Ufuoni mwa ziwa, kilio si udhuru wa mvivu. Ni wajibu unaokusanya ukoo, nao asiyehudhuria huulizwa. Mhubiri akiupita mfano huo upesi, kana kwamba aliyeomba ruhusa alikuwa mtu mbaya, anapoteza ukali wake. Aliyeahirisha hakuwa amechagua uovu badala ya wema. Alichagua wema mmoja ili kuutanguliza mbele ya mwingine, na neno alilolitegemea ni "kwanza". Hapo ndipo sarufi ya kuahirisha inapoanza kuonekana: haianzi na "kesho", inaanza na sharti.

4. Kiambishi cha Sharti

Katika eneo lililoishi na vita kwa miongo mingi, sentensi ya kuahirisha ina umbo linalojulikana. Sehemu yake ya kwanza hubeba -ki-, na ya pili hubeba -ta-: amani ikirudi, tutapatana, vita vikiisha, tutasali vizuri, watoto wakimaliza shule, nitamtumikia Mungu, wao wakiomba radhi, tutawasamehe. Mifano hii imetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini hakuna msomaji wa eneo hili atakayeiona migeni. Haina neno "kesho" hata mara moja. Hakuna hata mmoja ndani yake anayekataa kupenda. Kila mmoja ameahidi, na ahadi yake imetundikwa kwenye tukio lisilo mikononi mwake.

Ni vyema kukumbuka kwamba wasomi wa eneo hili husoma Maandiko kwa lugha mbili. Tafsiri nyingi za Kifaransa huitoa amri kuu ya kumpenda Mungu katika wakati ujao, kwa kufuata desturi ya Kilatini. Msomaji wa Kifaransa anafahamu kwamba wakati ujao huo ni wa kuamuru, si wa kutabiri. Lakini mtu anayeusoma mstari kwa Kifaransa na kuufasiri papo hapo kwa Kiswahili huweza kuteleza na kusema "utapenda", na "utapenda" ya Kiswahili husikika kwanza kama habari ya baadaye. Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iliyoenea Afrika Mashariki, haikufuata njia hiyo katika Injili ya Mathayo: iliitoa amri kwa kiishio -e, umbo la dhamira tegemezi. Umbo hilo halina kiambishi cha wakati kabisa. Lina mtendaji, lina mtendewa, lina kitendo, siku halina. Kwa mtazamo wa lugha, hiyo ni tafsiri iliyo makini, kwa sababu inaifunga nafasi ambamo -ta- ingekaa. Mhubiri anayefasiri papo hapo angefaa kuilinda.

5. Jumamosi ya Novemba 1964

Jimbo Katoliki la Uvira liliundwa mwaka 1962, na askofu wake wa kwanza alikuwa Danilo Catarzi, wa shirika la Wasaveri lililotoka Italia. Mwezi Mei 1964 waasi waliojulikana kama Simba waliuteka mji wa Uvira. Jeshi la serikali liliurudisha mwezi Oktoba, lakini upande wa kusini, yaani Baraka na Fizi, ulibaki mikononi mwa waasi. Huko walikuwako Bruda Vittorio Faccin, mwenye umri wa miaka 30. Padre Luigi Carrara, miaka 31. Padre Giovanni Didonè, miaka 34. Na Abbé Albert Joubert, miaka 56. Watatu wa kwanza walikuwa Wasaveri kutoka Italia. Wa nne alikuwa mtoto wa ziwa lenyewe: baba yake ni Kapteni Léopold Louis Joubert, Mfaransa aliyekuja kuwalinda wamisionari katika karne ya 19 na kubaki hadi kufa, na mama yake ni Agnes Atakaye, Mkongo.

Tarehe 28 Novemba, siku ya Jumamosi, mkuu mmoja wa waasi alifika Baraka kwa gari. Faccin aliamriwa apande. Alikataa, akapigwa risasi. Carrara alikuwa kanisani akiwaungamisha watu. Alitoka, akaamriwa naye apande, akajibu kwamba kama ni kufa anapendelea kufa pamoja na ndugu yake. Alipiga magoti karibu na mwili wa Faccin, akauawa. Jioni mkuu yuleyule alifika Fizi. Didonè, aliyekwenda kumpokea, aliuawa, na Joubert pamoja naye.

Hivi ndivyo habari inavyoweza kusimuliwa kwa ufupi, na ufupi huo ndio unaohitaji uhakiki. Kiambishi -ka- ni nguvu ya hadithi za Kiswahili. Kinaunganisha matendo bila kupumua: akatoka, akaamriwa, akajibu, akapiga magoti, akauawa. Msikilizaji husukumwa mbele, na kila tendo linakuwa ngazi ya lile linalofuata. Mwisho wa msururu ni kifo, na kwa kuwa msururu mzima unakikimbilia, kifo kinaonekana kuwa maana ya habari. Mhubiri hapo huwa na kazi nyepesi: walikufa kwa ajili ya Mungu, je, wewe u tayari kufa? Msikilizaji anastaajabu, anaheshimu, anarudi nyumbani. Hajaulizwa lolote kuhusu Jumatatu. Tena, kwa kuwa hakuna aliyemjia na bunduki na kumtaka akane imani, anaweza kuliweka swali la upendo mpaka siku atakapojiwa. Masimulizi yaliyokusudiwa kumwondolea kesho yamemwongezea nyingine.

Katika habari hiyohiyo kuna kitenzi kimoja kisichobeba -ka-: alikuwa akiwaungamisha. Hicho ndicho kitenzi kinachopaswa kukaliwa na msimuliaji. Siku ya Jumamosi, katika eneo la vita, watu walikuwa wamekuja kanisani kutubu, na padre alikuwa ameketi akiwasikiliza. Hakuna aliyesema vita viishe kwanza. Waliokuwa wakiungama hawakungoja, na aliyewasikiliza hakungoja. Uamuzi aliouonyesha Carrara mbele ya mwili wa Faccin haukuzaliwa dakika ile. Mtu aliyezoea kukaa na wengine katika hatari alikaa na mmoja zaidi.

6. -Ki- Mbili

Sarufi ya Kiswahili hapa inatoa jambo ambalo mahubiri yangeweza kulitumia. Kiambishi -ki- kina kazi mbili. Katika "amani ikirudi, tutapatana", ni cha sharti: tendo la pili linangoja la kwanza. Katika "alikuwa akiwaungamisha", au "waliungama vita vikiendelea", ni cha wakati mmoja: matendo mawili yanakwenda sambamba, wala hakuna linalongoja lingine. Umbo ni lilelile, uhusiano umegeuka. Vita ambavyo katika sentensi ya sharti ni kikwazo cha upendo, katika sentensi ya pili ni mazingira yake tu.

Kiswahili kinachosemwa Kivu kina chombo kingine kisichopatikana katika vitabu vya sarufi sanifu: "niko nasali", "niko nangoja", "tuko natumika". Walimu huliona umbo hilo kuwa kosa la kusahihishwa. Katika insha ya darasani na lisahihishwe. Lakini kimaana linasema jambo zuri: kwamba anayetenda yuko mahali, yupo, ndipo anatenda. Ibada isiyoahirishwa ni ya mtu aliyeko.

Mfano wa karibu zaidi unatoka Goma, kaskazini mwa Uvira, nao unafaa kuwekwa kando ya ule wa Baraka kwa sababu hauna mapadre wala waasi. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana mlei, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, aliyeajiriwa katika ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa. Alikataa rushwa aliyopewa ili chakula kilichoharibika kiruhusiwe kuingia. Aliuawa mwezi Julai 2007, akiwa na miaka 26, na alitangazwa mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Upendo wake kwa Mungu ulikuwa na umbo la kazi ya mezani: kutotia sahihi. Hakungoja nchi itengenezwe kwanza ndipo afanye kazi kwa uaminifu. Alikuwa mwaminifu nchi ikiwa bado haijatengenezwa. Ni -ki- ya pili.

7. Pingamizi Moja

Yaweza kusemwa kwamba hoja hii ina hatari. Aliyepoteza ndugu Mutarule au Lemera akiambiwa asiahirishe upendo, atasikia kwamba anaamriwa kuwasamehe wauaji leo, bila haki na bila ukweli kusemwa. Pingamizi hili ni zito na halifai kujibiwa kwa methali. Jibu liko katika tofauti iliyokwisha kutajwa kati ya subira na kuahirisha. Kudai haki ni tendo, na mwenye kudai haki amekwisha kuanza. Kulia ni tendo pia. Zaburi zimejaa kilio kilichosemwa mbele ya Mungu bila kungoja moyo utulie. Kinachokatazwa ni ile sentensi ya sharti ambayo humwondolea mtu wajibu wote hadi mwingine abadilike kwanza. Mjane anaweza asiweze kusamehe mwaka huu, lakini anaweza kumpa maji mtoto wa kabila lile jingine mchana huu. Mhubiri anayedai la kwanza na kulidharau la pili hajui alichokiomba.

8. Shahidi au Mfiadini

Jambo la mwisho ni jina. Kiswahili cha kanisa kina maneno mawili kwa watu kama hawa: "mfiadini" na "shahidi". La kwanza ni wazi kwa muundo wake, yaani anayefia dini, lakini linaweka uzito wote kwenye kitenzi cha kufa. La pili limetoka katika Kiarabu na linalingana kwa maana na neno la Kigiriki lililotumiwa na Wakristo wa kwanza, yaani mtu anayetoa ushahidi. Ushahidi hutolewa na aliye hai. Kwa kusudi la kuwafundisha watu wa Uvira kutoahirisha, "shahidi" ni neno bora, na ndilo lililotumiwa katika kichwa cha makala haya. Mfiadini hupatikana siku moja. Shahidi alikuwa shahidi tangu Ijumaa, na hata kabla yake.

Kanisa lenyewe lilichukua takriban miaka 60 kabla ya kuwatangaza wanne hao wenyeheri. Katika ibada ile ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo, walikuwako watu wengi waliozaliwa baada ya mwaka 1964. Taasisi ina haki ya kungoja, kwa kuwa kazi yake hapo ni kuthibitisha. Walioungama Baraka Jumamosi ile hawakuwa na haki hiyo, wala hawakuitafuta.

9. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mahubiri ya kutoahirisha upendo hukosa shabaha yanapolenga neno "kesho" na kulitisha kwa kifo, na kwamba masimulizi ya mashahidi hupoteza fundisho lake yanapoendeshwa kwa -ka- tupu. Wanaotunga mafundisho ya dini kwa Kiswahili, na wanafunzi watakaokusanya masimulizi haya katika vijiji vya ufuoni kabla wazee waliokuwako hawajaondoka, wanaombwa kusikiliza vitenzi vinavyotangulia risasi: nani alikuwa akifanya nini, na kwa ajili ya nani. Kazi hiyo ya kukusanya nayo haina sababu ya kungoja amani irudi.